Kupweleza na Kupwelewa: Chombo Kilichokaa Pwani na Asili ya Msamiati wa Majahazi



Ni ada ya mihadhara kama huu kuanza kwa kufafanua istilahi, nami sitaivunja ada hiyo. Istilahi nitakayoanzia nayo, hata hivyo, haimo katika vitabu vyetu vya sarufi. Niliipata mwaka 1984 katika ufuo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, kwa nahodha mmoja niliyekuwa nimemuudhi.

Nilikuwa kijana mwenye shahada ya kwanza, nimetumwa kukusanya istilahi za vyombo vya baharini, nimebeba sanduku la kadi tupu na kalamu mbili. Juu ya mchanga palikuwa na jahazi lililosimama kwa mkuku wake, limeegemezwa magadi pande zote mbili, tanga limevuliwa na foromali imelazwa chini. Juu yake wakikaa watu saba: nahodha, mabaharia watano na kijana wa kupika. Nilimwamkia nahodha shikamoo, akanijibu marahaba. Kisha, kwa kutaka kuonyesha kwamba nami nayajua maneno ya pwani, nikamwuliza, "Nahodha, mmepwelewa tangu lini?"

Alinitazama kwa muda kabla ya kunijibu. "Mwanangu, sisi hatukupwelewa. Apwelewaye ni mtu asiyeyajua maji. Sisi chombo tumekipweleza."

Wanafunzi wangu wa mofolojia wameisikia habari hii mara nyingi kuliko walivyotaka, nao wanaijua sababu. Kitenzi ni -pwa, yaani maji ya bahari kushuka. Ndicho kinachokaa ndani ya neno pwani, ambalo kwa asili ni mahali pa kupwa maji. Tukikinyambua katika kauli ya kutendea, kisha tukatia kauli ya kutendwa, tunapata -pwelewa: maji yamekupwa wewe, yamekuacha juu ya nchi kavu bila ridhaa yako. Umbo hili lina ndugu zake: kufiwa, kunyeshewa, kuchwelewa. Katika yote hayo mtendaji ni maumbile, na mtu ndiye anayeipokea hasara. -Pweleza ni kinyume chake. Hapo maji yanapwa vilevile, kwa saa ileile, kwenye mchanga uleule. Lakini mtu ameyafanya yapwe kwa ajili yake. Viambishi viwili vinatenganisha ustadi na msiba. Nahodha yule hakuwahi kuingia darasa la isimu, na aliudhika kwa haki kabisa, kwa maana nilikuwa nimemwambia mbele ya mabaharia wake kwamba hajui kazi.

Nilikaa nao majuma kumi na moja. Yale niliyojifunza yamenipa hoja ninayotaka kuitetea leo, ambayo ni hii: msamiati wa majahazi, tunaouita kwa mazoea msamiati wa bahari, kwa sehemu kubwa haukuundwa baharini. Uliundwa pwani, chombo kikiwa kimekaa, na watu wake wakikaa ndani yake wakikitengeneza.

*Musimu, bamvua na magadi*

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima tukumbuke kwanza jinsi mwaka wa baharia ulivyogawanyika. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na huo ndio upepo ulioleta kwetu vyombo vya Uajemi, Omani, Kuwait na Bara Hindi. Kusi hushika tangu Aprili, na ndiyo iliyovirudisha. Lakini kusi ina miezi yake mikali, hasa Juni na Julai, ambapo vyombo vingi vya tanga havikuthubutu kutoka mbali. Mabaharia walizihesabu siku hizo kwa miongo, yaani makumi kumi ya siku, kuanzia Siku ya Mwaka au Nairuzi, kwa kuwa kalenda ya mwezi haifuati upepo. Kwa hiyo kila mwaka ulikuwa na kipindi kirefu ambacho chombo hakina budi kukaa. Wageni walikaa katika bandari zetu kungoja upepo wa kurudia. Wenyeji walikaa kungoja bahari itulie. Katika kungoja huko ndipo vyombo vilipotengenezwa.

Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 hadi 1939 ndani ya bumu la Kuwait, akafika nalo Unguja na katika delta ya Rufiji. Kitabu chake, *Sons of Sindbad*, kilitoka mwaka 1940. Msomaji anayekifungua kwa kutarajia dhoruba hushangazwa na wingi wa kurasa zinazohusu bandari, mizigo, majadiliano na kukaa kitako. Mimi sikushangazwa nazo. Hayo ndiyo maisha ya jahazi.

Kazi yenyewe huongozwa na mwezi. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja maji ya bamvua, ambapo tofauti baina ya maji kujaa na kupwa katika mwambao wetu hukaribia mita 4. Katikati ya bamvua mbili huwa maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Chombo kikipandishwa kwa kilele cha bamvua, basi maji ya siku zinazofuata hayatakifikia tena, na fundi atakuwa na takriban majuma mawili ya kufanya kazi pakavu. Akishindwa kumaliza, atangoja bamvua nyingine. Kabla ya kupandisha, farumi huondolewa, nayo ni mawe au mchanga unaotiwa chini ili chombo kisiende mrama. Maji yanapoanza kutoka, mabaharia huingia wakiwa na maji ya kiuno na kuziweka gadi. Kukosea hapo ni hatari kubwa, maana jahazi likilala ubavu kwa uzito wake huvunja mataruma.

Neno gadi ni la kuangaliwa. Edward Steere alilisajili katika karne ya 19 kwa maana hii ya mti wa kuegemeza chombo maji yanapokupwa. Leo nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza magadi ni nini, wananijibu ni kile kitu cha kulainishia maharage. Nikiwauliza gadi, wananitajia mlinzi.

Chombo kikishasimama, huanza kuparuliwa chaza na magugu, kisha ubavu huchomwa kwa makuti makavu ili wafe wadudu watobowao mbao. Pamba kuukuu hutolewa katika maungo ya mbao, na mpya, iliyolowekwa mafuta, hupigiliwa kwa nyundo na chuma butu. Huko ndiko kukalafati. Ubao uliooza hung'olewa na kupachikwa mwingine, mvule aghalabu, na taruma lililovunjika hutafutiwa tawi la mwembe au mtondoo lililopinda lenyewe, kwa sababu tawi la kukatwa kwa msumeno halina nguvu ya tawi lililokua hivyo. Mwisho hupikwa shahamu, ikachanganywa na chokaa, ikapakwa kwa mikono mitupu sehemu zote zitakazokuwa chini ya maji. Hiyo ndiyo deheni. Sehemu za juu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake haimwachi mtu kwa siku tatu hata akioga.

*Kukaa chomboni*

Kwa nini basi watu saba wakae ndani ya chombo kilicho juu ya mchanga, hatua mia mbili kutoka kwenye nyumba? Nilidhani mwanzoni kwamba ni ufukara, au ni kuogopa wezi wa misumari, jambo ambalo nalo lilikuwapo. Sababu hasa ni nyingine. Mbao zilizozoea maji zikipigwa na jua hunywea, na maungo hufunguka. Chombo kilicho pwani kinakufa polepole. Kwa hiyo kila siku, asubuhi na alasiri, mabaharia waliteka maji ya bahari na kuumwagia ubavu, ndani na nje. Usiku waliamka kukaza magadi. Jahazi lililotelekezwa kwa miezi mitatu halitengenezeki tena kwa gharama ya kawaida. Linahitaji watu kama mgonjwa anavyohitaji wauguzi.

Maisha hayo yalikuwa na taratibu zake. Sakafu haikuwa sawasawa hata siku moja, kwa kuwa jahazi liliegemea kidogo upande wa gadi za kushoto. Sote tulilala vichwa upande mmoja, na mtu aliyesahau aliamka na kichwa kizito. Jiko lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, moto ukikokwa juu yake, kama vile tuko safarini. Kisanduku cha choo kilichoning'inia nyuma ya shetri hakikufaa tena, maana chini yake palikuwa na mchanga na watoto wakipita. Basi kila alfajiri safu ya wanaume iliteremka ngazi ya kamba na kuelekea mbali ufuoni, kimya kimya. Nahodha alikaa shetri kama kawaida. Baharia hakupanda huko bila kuitwa, ingawa chombo hakikuwa kikienda popote. Mali za kila mmoja ziliwekwa feuli. Akina mama wa kijijini walituletea muhogo na samaki jioni, nao wakilipwa kwa ahadi.

Kuna methali isemayo enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika vitabu vya shule hufasiriwa kwamba mtu hata atangetange vipi hurudi kwao. Sina ugomvi na tafsiri hiyo. Lakini ngama, pale chini chomboni maji yanapokusanyika, ndipo hasa mtu anayekaa katika chombo kilichopwelezwa anaporejea kila siku, kwa macho na kwa mikono. Ukimwaga maji ndani na kuangalia nje yanapotokea, unajua palipofunguka. Ukiwa baharini, ngama ni giza na uvundo, na kazi yako huko ni kufua maji kwa upo upesi uwezavyo. Pwani ndipo ngama inapoangaliwa na kusemwa.

*Ushahidi wa maneno*

Sasa nije kwenye lugha yenyewe. Nikiyapanga maneno ya jahazi kwa asili zake, kama walivyofanya wengi kabla yangu, ninapata picha ya kawaida: kuna ya Kibantu, ya Kiarabu, ya Kiajemi, ya Kihindi na ya Kireno. Nahodha ni la Kiajemi, bandari na nanga vilevile. Rubani, baharia na usukani ni ya Kiarabu. Gudi limetoka Bara Hindi. Bomba na bendera ni mabaki ya Wareno. Orodha za namna hii zimechapishwa mara nyingi, na zimetumiwa kuthibitisha jambo moja tu, kwamba wageni walikuja. Hilo halina mbishi. Mwandishi wa *Periplus*, katika karne ya kwanza, alikwisha kueleza kuhusu vyombo vya kushonwa vya mwambao huu na kuhusu mji wa Rhapta, ambao jina lake katika Kigiriki linahusiana na kushona. Wageni wamekuwa wakija kwa miaka 2,000.

Swali langu ni jingine. Walikutana wapi na wenyeji kwa muda wa kutosha hata neno likahama?

Tuziangalie kwanza amri za baharini. Tweka, tua, pindua, bisha, egesha, kaza, legeza. Zote ni vitenzi, ni fupi, na nikizipima kwa maumbo yake naziona ni Kibantu. Tweka na tua ni ndugu wa msamiati wa kubeba mzigo kichwani: mtu hujitwika, kisha hutua. Mwambao uliichukua lugha ya mchukuzi na kuipa tanga. Katika dhoruba, hakuna mtu anayejifunza neno geni. Anatumia lile alilonalo kinywani.

Tukiyageukia majina ya vitu vinavyoshikwa chombo kikiwa kikavu, hali inabadilika. Deheni, shahamu, sifa, kalafati: yote ni ya Kiarabu. Angalieni yaliyolipata neno deheni. Katika Kiarabu, asili yake ni neno la jumla la mafuta, ya kupaka au ya kupikia. Kiswahili hakikulichukua kwa upana huo. Hakuna Mswahili anayetia deheni katika mchuzi. Kililichukua kwa maana moja finyu, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini ya chombo, wala hakikuliacha litoke hapo. Ufinyu huu ni ushahidi. Maneno ya dini na sheria yalitufikia kupitia vitabu na darasa, na aghalabu yalikuja na upana wake, pamoja na jamaa zake wa mzizi mmoja: hukumu, hakimu, mahakama. Deheni lilikuja peke yake, bila jamaa. Neno linalokuja hivyo limesikiwa kando ya chungu, mtu mmoja akikoroga na mwingine akiuliza kile ni nini.

Kalafati nalo lina habari yake. Lilikuja kama jina la kazi, likaingizwa katika mashine ya unyambulishaji wa Kibantu: kukalafati, kukalafatia, kukalafatiwa. Fundi wa Nungwi aliniambia, bila kufikiri mara mbili, kwamba ubao fulani ulikuwa haukalafatiki. Mzungumzaji hafiki umbali huo na neno alilolisikia mara moja bandarini. Amefanya nalo kazi.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba nahodha, usukani na dira ni maneno ya safarini kabisa, nayo ni ya kukopa. Ni kweli, na sitalazimisha. Majina ya vyeo na ya ala yanaweza kuhama kwa njia nyingi, hata kwa fahari tu. Lakini hata hapa kuna la kuzingatia. Usukani una jina jingine la zamani, shikio, ambalo ni la kwetu. Na mkuku, tanga, mlingoti na upo hatukumkopa mtu. Chombo tulikuwa nacho. Tulichokopa kwa wingi ni namna za kukitunza kilipoanza kupigwa misumari badala ya kushonwa. Mtepe wa kushonwa kwa kamba za nazi, wenye tanga la mkeka, ulitunzwa kwa kushonwa upya, na kushona ni neno letu. Mtepe ulitoweka katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20, na pamoja nao ikapotea lugha nzima ya matengenezo ambayo hakuna aliyeiandika kwa ukamilifu. James Hornell aliandika kuuhusu mwaka 1941, na A. H. J. Prins akairudia mada hiyo baadaye, baada ya kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya ubaharia wa Lamu. Wote wawili walikuwa na macho makali. Walikuta umebaki kumbukumbu na mifano.

Niongeze jambo linalotuhusu sisi wanaisimu. Kitenzi -unda katika kamusi za zamani ni cha kuunganisha mbao, na hasa cha kujenga vyombo vya baharini. Nyumba ilijengwa, chungu kilifinyangwa, mkeka ulisukwa, jahazi liliundwa. Methali ya ukiona vyaelea, vimeundwa inakitumia kwa maana hiyo hasa. Leo tunaunda kamati, tunaunda serikali, tunaunda maneno; tuna muundo wa sentensi na miundo ya tungo. Na tunapofafanua muundo huo, tunaeleza, yaani tunatumia kitenzi chenye umbo lilelile la kukifanya kitu kielee. Kwa hakika taaluma yetu imekodi kiwanja cha waunda majahazi, na sijui kama kodi imewahi kulipwa.

*Kamusi na kadi*

Waliosajili maneno yetu walikaa wapi? Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, baada ya kufariki kwake. Kitabu cha Steere kilitoka mwaka 1870. Madan alichapisha kamusi yake mwaka 1903, nayo ndiyo iliyowekwa msingi wa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Mwaka huohuo ilianza kutoka kamusi kubwa ya Padri Charles Sacleux. Watu hawa waliishi mwambaoni wakati majahazi yakijaa bandari ya Malindi mjini Unguja na Bandari ya Kale ya Mombasa, na kamusi zao zimesheheni maneno ya chombo. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao hawakulichagua neno kwa matumizi ya taifa. Walilikuta, wakaliandika.

*Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 ilikuwa na kazi nyingine, kazi nzito na ya lazima, ya kuwapa wananchi lugha ya shule, ya ofisi na ya sayansi. Siilaumu. Ninalolaumu ni fikra iliyozuka pembezoni mwa kazi ya namna hiyo, kwamba maneno ya fundi wa majahazi ni maneno ya kazi ndogo, ya watu wachache, wa mahali pamoja. Miaka kadhaa baada ya Nungwi niliwasilisha kadi zangu mbele ya kamati moja ya istilahi, ambayo sitaitaja. Zilikuwa 311. Zilipokelewa 40, nyingi kati yake zikiwa ni zile zilizokwisha kuwamo katika Johnson. Kitenzi -pweleza kilikataliwa kwa hoja kwamba -pwelewa kinatosha. Nilijaribu kueleza. Mjumbe mmoja akasema kwa upole kwamba boti za sasa ni za faiba, na faiba haipwelezwi.

Kuhusu faiba alikuwa karibu na ukweli, kwa kuwa boti hizo hazihitaji deheni wala pamba. Kuhusu kitenzi alikosea. Kupweleza si kazi ya mbao pekee. Ni namna ya kutaja nani aliyaongoza maji. Lugha iliyobaki na -pwelewa tu ina njia ya kusema juu ya maafa, na imepoteza njia ya kusema juu ya ujuzi.

*Bamvua ya Oktoba*

Nimesema nilikaa nao majuma kumi na moja. Mpango wa nahodha ulikuwa majuma manne, bamvua mbili. Lakini miaka ile bidhaa zilikuwa adimu nchini kote, na misumari mirefu ya chombo haikupatikana mjini wala bara. Pamba ilipatikana kwa kilo moja moja. Ubao wa mvule uliokuwa umelipiwa ulifika ukiwa mfupi. Bamvua ya tatu ikaja, maji yakakigusa chombo usiku, nacho kikatikisika kidogo juu ya magadi, sote tukaamka. Lakini kilikuwa na tundu ubavuni la kupita mtoto, hakikuweza kwenda. Mabaharia wawili waliaga wakaenda kuvua kwa ngalawa za wengine. Mimi nilipewa zamu ya kumwaga maji alasiri, na kadi zangu za juma hilo zina mwandiko mbaya.

Siku moja mwezi wa Septemba alikuja mfanyabiashara aliyekuwa amelipa rubuni ya kupakiziwa chokaa. Alisimama chini kwenye mchanga, nahodha akiwa juu shetri, na wakasemezana kwa heshima zote, bwana mkubwa huku na bwana mkubwa kule. Mgeni akauliza chombo kitashuka lini. Nahodha akanyamaza, akautazama ubavu uliokuwa wazi, akasema, "Bwana, nisikudanganye. Sasa tumepwelewa."

Nilikuwa nimekaa karibu na jiko. Sikuiandika sentensi hiyo mpaka usiku, walipolala.

Misumari ilipatikana mwishoni mwa mwezi huo, kutoka kwa mtu aliyevunja mashua yake kuukuu. Chombo kilishushwa kwa bamvua ya Oktoba, usiku, watu wa kijiji wakivuta kamba wanaume kwa wanawake. Kilielea. Maji yaliingia kupitia ungo mmoja karibu na fashini, kama ilivyotarajiwa kwa mbao zilizokaa jua muda mrefu hivyo, na mabaharia wawili waliyafua kwa upo hadi mbao zilipovimba na kujifunga, karibu na adhuhuri. Nahodha alinipa mkono, akaniuliza kama sanduku langu limejaa. Nikamwambia bado. Akaniambia nirudi mwakani, kwa kuwa mkuku ulikuwa na ufa ambao safari hii hakuupata mbao.